Mzee Nashon Kwenye Mizani ya Majani

Ndugu zangu wa dispensari, mmeniomba niandike habari za miaka yangu ya kazi kabla sijaisahau. Nimeshaanza kuisahau, kwa hiyo mmeomba wakati mzuri. Kilichobaki kichwani ni kile kilichostahili kubaki. Sitaandika nilipandishwa lini wala na nani. Nitaandika habari za miguu iliyovimba, maana hiyo ndiyo niliyoishika kuliko kitu kingine chochote, na habari za mwenye miguu hiyo mmoja ambaye alitufundisha kazi, mimi pamoja na daktari.

Udresa, yaani kazi ya kufunga vidonda na kumsaidia daktari, niliupata vitani. Katika vita vya Wajerumani nilikuwa mbeba machela. Siku moja dresa wa kikosi chetu aliugua, na afisa akauliza nani kati yetu anaweza kuona damu bila kuanguka. Niliinua mkono kwa sababu nilidhani atakayeinua mkono atapewa chai. Sikupewa chai. Nilipewa ndoo, mkasi na bandeji, na tangu siku hiyo sijapata nafasi ya kuviweka chini.

Vita vilipokwisha nilirudi kwetu, kwenye milima ya magharibi, nikaingia katika hospitali ya misheni chini ya dresa mmoja aliyeitwa Elifasi. Alikuwa mfupi, mkali, na hakuamini chombo chochote ambacho hawezi kukichemsha. Yeye ndiye aliyenifundisha kutumia kidole gumba. Unakibonyeza kwenye muundi wa mgonjwa, unasema moyoni sala ya Bwana mpaka ufike kwenye mkate, halafu unakitoa na kutazama. Shimo likibaki, hapo kuna maji. Na kama mgonjwa huyo huyo hawezi kulala chali kwa sababu pumzi inamkatikia, Elifasi alisema, usihangaike na minyoo yake, sikiliza moyo. Moyo uliochoka hausukumi damu vizuri, na maji yanatulia chini miguuni, kisha yanapanda mpaka kifuani. Mpaka leo nikikutana na mtu mnene njiani kidole changu kinawasha.

Nilifika Kericho wakati msitu ulipokuwa bado unakatwa ili chai ipandwe. Dispensari yangu ilikuwa kibanda cha nyasi chenye meza moja na chupa ambazo karatasi zake zilikuwa zimeliwa na mende. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa ng'ombe. Aliletwa na Arap Chumo, kijana Mkipsigis aliyekuwa akiendesha mkokoteni wa kubeba magogo, na bega la ng'ombe huyo lilikuwa limechunwa na nira. Nilimwambia hapa tunatibu watu. Akanijibu, "Sawa, lakini watu wanataka kuona kwanza." Nikaosha, nikapaka dawa, nikafunga. Ng'ombe alipona. Wiki iliyofuata watu walianza kuja, na Arap Chumo akawa rafiki yangu. Baadaye mkono wake ulivunjwa na gogo, nikaufunga, na kampuni ikamtoa kwenye mikokoteni ikamweka kwenye banda la kupimia majani.

Daktari alikuwa mzungu aliyehudumia mashamba mengi kwa pikipiki. Kwetu alifika mara moja kwa wiki, mvua ikiruhusu. Alikuwa mtu mwema ambaye aliamini kwamba mvua ya Kericho inanyesha kwa ajili ya kumkomoa yeye. Kila alipoingia alikuwa na matope mpaka masikioni, na neno lake la kwanza halikuwa salamu. Lakini akishaweka sikio kwenye kifua cha mgonjwa alisahau hasira zote, na mimi nilimpenda kwa hilo.

Sasa nifike kwa Nashon Owuor. Alitoka upande wa ziwa, na alikuwa nyapara wa banda la mizani, mkubwa wa Arap Chumo. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya mizani wachumaji wakileta vikapu, na kutia mkono ndani mpaka chini kutafuta mawe. Nyinyi mnaujua mchezo huo, haujaisha na hautaisha. Mchumaji anataka uzito, na jiwe ni zito kuliko jani. Nashon alikuwa na mkono wa ajabu. Aliweza kulisikia jiwe kwa namna kikapu kilivyoning'inia. Akilipata alilitoa, akaliinua watu walione, akasema kwa upole, "Hii chai itachukua muda kuiva." Banda zima lilicheka, na mwenye kikapu aliona aibu kuliko kama angetukanwa. Mke wake, ambaye wote tulimwita Mama Atieno, alikuwa mchumaji, na kikapu chake kilipekuliwa kama cha wengine wote.

Msimu mmoja wa mvua Nashon alianza kusimama njiani akipanda kutoka mtoni. Alisema anatazama mandhari. Mtu aliyeishi hapo miaka mingi hawezi kuanza ghafla kutazama mandhari, kwa hiyo nilimfuata nyumbani. Nilikuta analala ameketi, na viatu havimwingii. Nilibonyeza muundi, nikafika kwenye mkate, nikatoa kidole. Shimo lingetosha kupanda mche wa chai.

Daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu. Akasema moyo umechoka, aende hospitali kubwa kule ziwani, kwa lori mpaka stesheni ya Kipkelion kisha kwa treni. Nashon alikataa.

"Bwana Daktari," alisema, "kutoka hii laini nani alikwenda huko akarudi?"

Hakuwapo hata mmoja. Wagonjwa tuliokuwa tumewapeleka walikuwa wamekwenda wakiwa hoi tayari, na lori lenyewe kwenye njia ile lilikuwa linammaliza mtu kabla hajaona treni. Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo Nashon hakulisema lakini wote tulilijua. Nyumba za laini, yaani zile safu za nyumba za kampuni, zilikuwa za wafanyakazi. Nyapara akiondoka, nyumba yake inapewa nyapara mwingine, na mama mchumaji anahamia kwenye banda la wanawake wasio na waume.

Daktari alizunguka chumba, akakubali kwa sharti. Nashon atatibiwa nyumbani kwake, na kila asubuhi atapimwa uzito. Uzito ukishuka, maji yanatoka, atabaki. Ukianza kupanda siku baada ya siku, maji yanarudi, na lori litakuja bila mjadala. Nashon alikubali, akaniomba jambo moja tu tulipotoka nje, akiniita omera, yaani ndugu kwa Kijaluo.

"Omera, hii maneno ya lori usiambie mama ya Atieno. Ataacha kulala."

Sikumwambia.

Basi tukaanza kazi, na hapa wadogo zangu msikilize vizuri, maana hospitali hazina kitu kikubwa kuliko haya. Kitanda cha kumwinua mgonjwa hatukuwa nacho, lakini tulikuwa kwenye shamba la chai. Nilichukua masanduku ya chai yaliyovunjika pembe, nikayapanga kitandani kama ngazi, nikaweka blanketi juu, na Nashon akaegemea. Alisema sasa anaelewa chai inavyojisikia ikisafirishwa. Chumvi tulikata. Maji, uji na chai vyote vilipimwa kwa kikombe kimoja cha bati, na hicho kilituletea vita, kwa sababu watu wa upande wa ziwa na watu wa kwetu hawajui kumtembelea mgonjwa mikono mitupu. Kila mgeni alikuja na uji, na kuukataa ni kumkataa aliyeuleta. Mwishowe tuliamua kwamba mgonjwa ataonja na dresa atamalizia. Mwaka ule nilinenepa.

Kisha kulikuwa na matone. Dawa hiyo imetengenezwa kwa jani la ua fulani la Ulaya, na nguvu yake ni kuutuliza moyo na kuufanya upige kwa mpango. Ni dawa nzuri na ni sumu nzuri. Kabla ya kutoa, shika mkono uhesabu mapigo. Yakiwa polepole mno, rudisha chupa mfukoni. Mgonjwa akisema chakula kinamchukiza, au akiona kila kitu kina rangi ya ndizi mbivu, rudisha chupa mfukoni. Daktari naye alimchoma sindano ya kutoa maji kila alipokuja, na siku hiyo hakuna aliyemsumbua Nashon kwa mazungumzo, maana alikuwa na safari nyingi za nje.

Mizani ya watu hatukuwa nayo. Mizani ilikuwa moja tu, ile ya majani, inayoning'inia kwenye boriti. Arap Chumo alifunga ubao kwa kamba, akautundika kwenye ndoano, na Nashon akawa anakalia ubao huo kila asubuhi, wakati wachumaji wamekusanyika kuchukua vikapu vyao. Daktari aliagiza avae nguo zile zile siku zote ili hesabu isichanganyike. Asubuhi za Kericho mnazijua. Nashon alivaa koti lake zito la vitani, lenye bitana ndani na vifungo vya shaba, na tukalihesabu koti kuwa sehemu ya mtu.

Arap Chumo alikuwa na mazoea yake. Miaka yote alitangaza uzito kwa sauti ili karani aliye ndani asikie, na hakuona sababu ya kunyamaza kwa sababu kilichopimwa ni mkubwa wake. Siku za mwanzo maji yalitoka kwa kasi. Kila asubuhi Arap Chumo alitangaza ratili pungufu kuliko jana, na mimi nilifurahi. Wachumaji hawakufurahi. Kwa watu wale, mizani ikisoma kidogo ni hasara. Kila uzito uliposhuka banda zima lilisema "aaa" kwa masikitiko, na wanawake walimgeukia Mama Atieno wakamtazama kwa namna ambayo sikuitilia maanani. Nilimweleza mwenyewe zaidi ya mara moja kwamba yanayopungua ni maji. Alisema ameelewa. Na kweli alikuwa ameelewa.

Baada ya hapo uzito ulisimama. Halafu ukapanda kidogo. Wachumaji walipiga makofi, na Nashon akashuka kwenye ubao akiwa na uso wa kijivu, kwa sababu katika banda lile ni sisi wawili tu tuliojua maana yake. Kesho yake ukapanda tena. Nilibonyeza miguu, sikuona shimo. Usiku alikuwa ameshatoa masanduku mawili mgongoni na bado analala. Alipanda kilima mpaka kanisani akaimba sauti ya chini bila kukohoa. Kidole kilisema anapona na mizani ilisema anazama, na mimi sikujua nimwamini nani. Daktari alipokuja aliamini mizani. Aliongeza matone kidogo, na baada ya siku chache Nashon akasema harufu ya samaki inamkera. Mjaluo akichukia samaki, dresa mwenye akili anasimamisha matone, nami nikayasimamisha, lakini nilikuwa na hofu kubwa. Nilikuwa nimempenda mtu yule, na niliona siku ya lori inakuja.

Ilikuja. Daktari alikuwa amelala kwa meneja kwa sababu ya matope, na asubuhi akaja mwenyewe bandani kuona. Nashon akakalia ubao. Arap Chumo akatangaza, na uzito ulikuwa umepanda kuliko siku zote za wiki ile. Wachumaji wakapiga makofi. Daktari akavua kofia yake.

Nilimwambia mizani imeharibika. Arap Chumo alikasirika kweli kweli. Alimshusha Nashon, akatundika gunia la mahindi ambalo uzito wake ulikuwa unajulikana, na mizani ikasema sawasawa.

"Dresa, wewe ni rafiki," alisema, "lakini usitukane mizani yangu mbele ya watu."

Daktari alimwekea Nashon mkono begani. "Pole, Nashon. Maji nakuja tena. Leo wewe nakwenda hospitali. Mimi naita lori."

Nashon hakubishana. Alifunga vifungo vya koti kimoja kimoja, kama mtu anayejiandaa kwenda kanisani, akaniambia, "Omera, utamwangalia mama." 

Mama Atieno alikuwa nyuma ya mstari na kikapu kitupu mgongoni. Aliuliza wenzake kuna nini. Mmoja akamwambia mume wake anapelekwa ziwani kwa lori.

"Kwa nini? Si amepona?"

"Daktari anasema uzito umezidi."

 Alishusha kikapu, akapita katikati ya watu, akamshika mume wake kwenye ukosi wa koti mbele ya daktari, karani na banda zima. Akageuza upindo wa koti, akauma uzi kwa meno, akavuta. Bitana ikafunguka, na mawe ya mtoni yakaanza kudondoka kwenye mbao, madogo, laini, yaliyochaguliwa vizuri. Yaliendelea kudondoka kwa muda. 

"Hii uzito ni yangu," Mama Atieno alisema. Hakutazama chini. "Si yake. Rudisheni lori."

Daktari alitazama mawe, akanitazama mimi. "Mama, kwa nini wewe naweka mawe?"

"Chumo anapiga kelele kila siku, Nashon amepungua, Nashon amepungua. Kule mtoni watu ya laini wanasema mimi nanyima bwana yangu chakula. Wanasema nangoja afe niolewe. Mimi nikaweka moja. Siku hiyo watu wakapiga makofi. Nikaweka ingine."

"Lakini dresa alikwambia, hii ni maji tu."

"Mimi nilielewa, Daktari. Hao ndio hawakuelewa." Alinyoosha mkono kwa wachumaji, nao wakaanza kutazama vikapu vyao. "Na hakuna mtu aliniambia habari ya lori."

Nashon alikuwa ameinama. Aliokota jiwe moja, akalipima mkononi kama alivyopima ya wengine miaka yote, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilikimbilia nikidhani ni pumzi. Ilikuwa kicheko. Mtu ambaye mkono wake ulisikia jiwe chini ya kikapu kilichojaa alikuwa amevaa mawe siku zote hizo asiyasikie. Hapo Arap Chumo, ambaye alikuwa na haki kuliko wote baada ya mizani yake kutukanwa, akaokota jiwe jingine, akaliinua juu watu walione, akasema kwa upole ule ule wa mkubwa wake:

"Nashon, hii chai itachukua muda kuiva."

Banda lilipasuka kwa kicheko. Daktari alikaa kwenye sanduku la chai akacheka mpaka akafuta macho kwa kofia. Kisha akasema Nashon apande tena, koti lile lile, bila mawe. Arap Chumo akasoma, akasoma tena, na kwa mara ya kwanza maishani hakutangaza. Alimwonyesha daktari kwa kidole. Hesabu ilikuwa ndogo kuliko siku yoyote tangu tuanze. Maji yalikuwa yamekwisha zamani, na miguu ilikuwa imesema kweli.

Lori lilirudi kubeba kuni. Daktari alitaka tuanze kumpima Nashon faraghani, lakini Mama Atieno alikataa. Alisema kilichosemwa mbele ya watu kisahihishwe mbele ya watu. Akamfundisha Arap Chumo la kusema. Kuanzia kesho yake uzito ukishuka Arap Chumo alitangaza, "Nashon ametoa maji," na ukitulia alitangaza, "Nashon ni mkavu," na wachumaji walipiga makofi kwa mambo yote mawili. Waliokuwa wakimsema Mama Atieno kule mtoni ndio waliopiga zaidi. Yeye mwenyewe akawa mlinzi wa kikombe cha bati, mkali kuliko mimi, na wageni wakajifunza kunywa uji wao nje.

Habari zilienea. Watu wenye miguu iliyovimba walianza kuletwa kutoka Roret na hata Londiani, wengine kwa mkokoteni, na wengi wao niliwarudisha kwao na masanduku ya chai, kikombe na maelezo. Nilipompokea mgonjwa yeyote sikumweleza peke yake tena. Nilimwita mke, au mume, na jirani mwenye mdomo mrefu kuliko wote, nikawaeleza wote watatu kwa pamoja. Hilo msiliache. Mgonjwa wa moyo hatibiwi nyumbani kwake tu, anatibiwa katika laini nzima.

Nashon aliishi miaka mingine, akarudi bandani kukaa kwenye kiti na kupekua vikapu. Alimwozesha binti yake Atieno. Aliondoka alfajiri moja ameegemea masanduku yake, nyumbani mwake, mke wake akimshika mkono. Nililia kama mtoto, na sioni aibu kuandika hivyo. Kampuni ilimwachia Mama Atieno nyumba, kwa sababu Arap Chumo, aliyekuwa nyapara wakati huo, alisema yeye hataki kuhama kwake.

Mwezi uliopita mliniaga nilipostaafu ili nirudi kwetu, na mnajua mlichonifanyia. Mlinikamata mkanitundika kwenye ubao ule ule, mzee mzima miguu ikining'inia, na Arap Chumo akatangaza uzito wangu kwa sauti iliyofika Kericho mjini. Nilishangaa, maana nilijua nimepungua tangu niugue malaria. Nilipotia mikono mifukoni kutafuta leso nikakuta jiwe kila upande, laini, la mtoni. Mama Atieno alikuwa amesimama kando ya mizani na kikapu chake, uso mkavu kabisa.

"Hapana toa," aliniambia. "Ukifika kwenu mwepesi, watu watasema sisi hatukukulisha."